Sahani ya Yakubu

Ngazi zilikuwa na joto. Kaltumu alikuwa amevua viatu mlangoni, na sakafu yote ya chini ilikuwa baridi chini ya nyayo zake, ila ngazi za saruji zilikuwa vuguvugu, kana kwamba mtu ametoka kuzikanyaga.

Alikuwa amekuja Arua kwa likizo kutoka Bombo, amwone dada yake Zulaika na nyumba iliyosifiwa mji mzima: paa bapa, ukuta mzima wa kioo, matofali yenye matundu ya kupitisha upepo. Mhindi aliyeijenga alifukuzwa mwaka wa sabini na mbili, jeshi likaitoa nyumba kwa askari wake Yakubu, mume wa Zulaika. Kisha Yakubu naye akaitwa kambini asubuhi moja, asirudi. Miaka miwili sasa. Nyumba inang'aa kama jana. Zulaika anayeing'arisha ndiye aliyebaki mifupa mitupu.

Chumbani juu palikuwa na sahani ya wali na nyama, imefunikwa.

"Dada, chakula ya nani?"

"Ya Yakubu. Kila siku yeye nakula, namaliza."

"Dada, Yakubu..."

"Usisema!"

Roho ilimuuma Kaltumu. Akamwita fakii, shehe wa kusomea watu wenye majini, mzee Tahiru kutoka Koboko, naye akafika kabla ya magharibi, akaitazama sahani bila kuigusa.

"Nani nasema bismillahi kwa hii chakula?"

"Mwenye kula," Zulaika akajibu. "Mimi nafunika tu."

"Na kama mwenye kula hapana mutu?" Mzee alishusha sauti. "Chakula isiyotajiwa Mungu ni ya wao, mwanangu. Wewe ndiye unawalisha. Wewe tu ndiye utawafungia mlango."

"Nikifunga, nabaki na nani?"

Wakashuka kungoja sebuleni. Jua lilipozama nyuma ya kioo ikaja harufu ya kiwi ya viatu, kisha buti zikaanza kutembea juu, taratibu, zikazunguka meza, zikaja hadi ngazi ya juu kabisa, zikashuka moja, zikashuka nyingine, na hapo penye ngazi tupu, mbele ya macho yao, sauti ya Yakubu mwenyewe, nyororo kama ya siku za harusi, ikaita, "Zulaika, panda tule pamoja."

Zulaika akasimama. Kaltumu akamshika kanga, akalia, "Dada, mimi iko hapa! Mimi ni hai!"

Zulaika alimtazama mdogo wake, akaitazama ngazi. Machozi yakamtoka, ya kwanza katika miaka ile miwili.

"Bismillahi," akanong'ona.

Buti zikanyamaza. Harufu ikakatika. Walipopanda, ngazi zilikuwa baridi, na wali ulikuwa umejaa sahani, umepoa, haukuguswa hata punje.

Zulaika akavua bangili zake, akaziweka mezani.

"Kaltumu, letea mimi shuka nyeupe ya eda," alisema. "Leo bwana yangu amekufa."