Maji ya Jumamosi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili, na la kushoto ndilo linaloona vizuri zaidi. Mwalimu Fanueli wa darasa la watu wazima aliniambia, "Mzee Lukasi, waandikie wasomaji wapya hadithi fupi. Lakini usitie chumvi." Sikutia. Chumvi yenyewe siku hizi ni adimu dukani.

Dorkasi alikaa sehemu ya juu ya kijiji chetu cha Mamba, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mumewe, Hezroni, alifanya kazi katika genge la reli, kikundi cha watengeneza njia ya treni, huko mjini Same. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Binti yao, Lydia, alikuwa ameolewa kijiji cha Kisiwani. Kwa hiyo siku nyingi Dorkasi alikuwa peke yake na shamba lake la mahindi na maharage.

Shamba hilo lilitegemea ndiva. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Maji ya kijito hujaa humo usiku. Asubuhi mwenye zamu hulifungua, na maji hushuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Kila nyumba ina siku yake. Siku ya Dorkasi ilikuwa Jumamosi.

Mwaka juzi Dorkasi alihama dhehebu. Alizaliwa Mlutheri, akaolewa na Mlutheri, sasa akaingia Usabato. Alibatizwa mtoni, ng'ambo ya mabonde mawili. Siku hiyo palikuwa na baridi kali, hata samaki walitoka majini kuota jua. Na Wasabato hawafanyi kazi Jumamosi. Ndiyo siku yao ya kupumzika na kusali.

Jumamosi ya kwanza hakwenda kufungua maji. Mgawa maji wetu alikuwa Aminiel, kaka mkubwa wa Hezroni. Akaja hadi mlangoni.

"Shikamoo, shemeji," Dorkasi akamwambia.

Aminiel hakuitikia. "Mama Lydia, ndiva imejaa. Unangoja nini?"

"Leo ni Sabato, shemeji. Naomba siku nyingine."

"Siku nyingine zina wenyewe. Ukikataa zamu, umekataa maji."

"Sijakataa maji. Nimeomba siku."

"Nyumba hii ni ya Kilutheri. Mke hufuata dini ya mumewe. Rudi kanisani, la sivyo shamba litarudi kwa ukoo. Hezroni mwenyewe amesema hivyo."

Kwa neno hilo la mwisho Dorkasi aliacha kubishana. Akakaa chini kizingitini.

Tangu siku ile watu walimnyamazia. Hakuna aliyewaamuru. Wanawake waliozoea kumwita wakienda kuni walianza kupita njia ya chini. Akiwasalimu, walitazama ardhini kama watu waliodondosha sindano.

Alipika makande. Lakini makande hayapikiki ya mtu mmoja. Chungu ni kikubwa na kuni ni nyingi. Alikula chungu kimoja siku tatu. Siku ya tatu alikuwa akikitazama tu.

Jumamosi alikaa mlangoni akaimba. Tangu usichana wake aliimba sauti ya pili. Sasa hapakuwa na wa kuimba sauti ya kwanza. Akaimba sauti ya pili peke yake, hata mpita njia asingejua ni wimbo gani.

Miezi mitatu ikapita hivyo, na Hezroni hakuja. Mahindi yakakunja majani.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Nilibisha hodi, nikamwambia, "Mama Lydia, usikae ukilia na mahindi. Twende Same kwa karani wa baraza la ardhi." Tukashuka pamoja. Njiani tukakutana na simba. Nikamsalimu kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, naye akatupisha. Alikuwa simba mwenye adabu.

Karani wa baraza aliitwa Salimu. Alikuwa Mwislamu, mtu mpole, asiyekatiza maneno ya mwenzake. Alimsikiliza Dorkasi hadi mwisho.

"Mama," akauliza, "kuna aliyekulazimisha kubatizwa?"

"Hapana. Ni kwa moyo wangu."

"Basi sikiliza. Sheria ya nchi haimlazimishi mtu dini, awe mume au awe mke. Kanisa lako la zamani linaweza kusema usikaribie meza yao ya Bwana. Hilo ni lao. Lakini maji si ya kanisa. Kazi ya mgawa maji ni kugawa maji. Hawezi kukunyima zamu kwa sababu ya jinsi unavyosali."

"Na shamba je?"

"Ukoo una kauli juu ya ardhi, sikatai. Lakini shemeji peke yake hawezi kukutoa shambani kwa sababu ya dini. Akijaribu, njoo ufungue shauri hapa, ulete na mashahidi."

Dorkasi akashusha pumzi. Salimu akainua kidole.

"Ngoja, mama. Na wewe una wajibu. Siku hiyo nyingine ulimwomba nani?"

"Aminiel."

"Peke yake?"

"Wengine hawasemi nami."

"Omba mbele ya wote. Tafuta mtu mbadilishane siku. Mimi Ijumaa natoka hapa saa sita kwenda msikitini. Sitoroki. Nilimwomba mkubwa wangu kwanza, na muda ule naufidia jioni. Haki ya kusali haifuti kazi. Watu hukaa wakapanga."

"Lakini mume wangu naye amesema nitolewe."

"Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Niliambiwa na shemeji."

"Mama, stesheni ile pale. Nenda kamuulize mwenyewe."

Dorkasi akamkuta Hezroni kando ya reli, nyundo mkononi. Hezroni alipomwona hakusogea.

"Umekuja kuniambia kwamba umenikataa?" akauliza.

"Nani kasema nimekukataa?"

"Kaka alituma habari. Kwamba hutaki tena nyumba ya Mlutheri. Nikaona haya kurudi."

"Mimi nimeambiwa wewe umetaka ninyang'anywe shamba."

Wakatazamana. Miezi mitatu kila mmoja alikuwa amekaa na huzuni yake, huyu mlimani, huyu bondeni.

"Mimi Jumapili hupigilia misumari ya reli," Hezroni akasema polepole. "Treni haingoji ibada. Hakuna aliyenitenga. Wewe wamekutengea nini?"

Akaomba ruhusa ya siku mbili. Wakapanda mlima pamoja. Jumatatu wenye zamu wote wakaitwa kwenye ndiva. Dorkasi akasimama mbele yao. 

"Wazee wangu, shikamooni. Sidai maji ya mtu. Siku yangu ni Jumamosi, nami siwezi tena Jumamosi. Nani anaweza tubadilishane?"

Hakuna mkono ulioinuka. Aminiel akatabasamu. Ndipo Mzee Ebenezer, mzee wa kanisa la Kilutheri, akakohoa.

"Zamu yangu ni Jumapili," akasema.

Watu wakaanza kucheka.

"Chekeni tu. Miaka tisa naingia kanisani wimbo wa tatu, miguu ina tope. Mama Lydia, chukua Jumapili yangu. Nipe Jumamosi yako."

Dorkasi akamtazama. "Baba, mashamba yetu yamepakana. Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Sikuwa nasema nawe."

Hakuna aliyecheka tena. Hezroni akamgeukia kaka yake. "Kaka, una neno?"

"Mimi nagawa maji tu," Aminiel akajibu.

Jumapili ile maji yakashuka shambani kwa Dorkasi. Mahindi mengine yalikuwa yamekwisha kufa, lakini maharage yakainuka. Hezroni alirudi nyumbani kila mwezi kama zamani. Yeye Mlutheri, mkewe Msabato. Watu walitania kwamba nyumba ile imejipatia siku mbili za mapumziko. Salamu nazo zilirudi, moja moja. Nyingine hazijarudi hadi leo.

Hadithi ningeimalizia hapo. Lakini juzi Mwalimu Fanueli aliileta darasani nami nikiwapo, na Dorkasi ni mmoja wa wanafunzi. Akapewa aisome kwa sauti. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika kwa simba, kidole kikasimama.

"Mwalimu, hapa pana uongo."

"Simba?" Mwalimu akauliza.

"Simba namsamehe. Uongo ni hili, 'Tukashuka pamoja.' Nilishuka peke yangu. Mzee Lukasi nilimkuta njiani nikampa shikamoo. Akageuka, akatazama miti."

Darasa zima likanitazama.

"Nilikuwa natafuta mzinga wa nyuki," nikasema.

"Miezi mitatu ulitafuta mzinga?"

Nikatazama miti nje ya dirisha. 

"Ya karani yaache, ni ya kweli, watu wayajue," Dorkasi akasema. "Lakini hilo lako utalilipa."

"Nilipe nini, Mama Lydia?"

"Mfereji wangu umejaa tope, kutoka ndivani hadi shambani. Utauzibua peke yako. Na atakayepita asikusemeshe."

Darasa likakubali kwa kuinua mikono. Hata mwalimu aliinua.

Nimeanza leo asubuhi. Watu wamepita, wametazama miti. Niliwaita, nikawatania, nikaanza hadithi mbili. Hakuna aliyesimama. Saa tano Dorkasi akaja, akatia mguu mferejini kupima kina. Nikamwambia mgongo unauma. Hakujibu. Akaninyooshea kidole kule nyuma, mahali nilipoparuza tu juu juu.

Nikarudi, nikachimba.