Mchezo wa Vioo Viwili

Saa nne asubuhi, mtaa wa Munyaka, mwaka wa themanini na tatu. Katika chumba cha nyuma, Phineas aliweka bastola mezani. Kando yake akaweka mchezo wa betri wa mkononi, ule wa zamani wenye kioo kimoja.

"Hii nani anataka saa hii?" akasema. "Imetoka mpya. Inakunjika kama pochi, vioo viwili. Watoto wa wadosi, matajiri wa Nairobi, wanaililia. Katoni sita ziko stoo nyuma ya stesheni, soja ni mmoja. Kituyi, wewe fundi, utahakikisha si zile za zamani. Ndugu yako ataendesha. Na mtu akinisaliti, namzika."

Kituyi alimtazama mdogo wake, Wepukhulu. Kituyi ndiye aliyemtoa kwenye kuendesha trekta la watu akamwingiza katika kazi hii. Mama yao kule Bungoma alijua wanawe wameenda kununua mbegu. Kituyi alikuwa ameapa kumrudisha mzima.

Saa sita kasorobo. Soja alifungua mlango akidhani ni watu wa stima. Phineas alimpiga rungu la kichwa. Mzee wa watu akaanguka, akainua mkono kuomba, akapigwa tena mpaka mkono ukalala.

"Si alikuwa ameanguka tayari?" Kituyi alisema.

"Angalia mali, fundi."

Saa sita kamili. Kituyi alitia betri kwenye mchezo mmoja. Picha zikatokea kwenye vioo vyote viwili, na kisaa chake kikaanza kwenda.

"Ni mpya."

Firimbi ya polisi ikalia nje. Kituyi alishika katoni kwa mikono miwili, ule mchezo akiwa ameshautia kwenye koti la Wepukhulu. "Nishikie," alimwambia, na mbio zikamsahaulisha.

Saa saba kasoro dakika tano, Yamumbi. Pikapu yao ilikuwa mtaroni, tairi limepasuliwa na risasi za polisi. Wao watatu walilala kifudifudi ndani ya mahindi. Polisi walipekua shamba la jirani, wakaanza kurudi kwenye Landrova yao.

"Wanaenda," Phineas alinong'ona.

Saa saba. Koti la Wepukhulu likaanza kulia. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Ule wa zamani haukuwa na kengele. Kituyi alikuwa ameufungua mara nyingi, anajua kila waya. Huu mpya ulikuwa umewekewa kengele ya kuamshia watu, iliyotegwa tangu kiwandani, na kwa kiburi cha ufundi hakugusa hata karatasi ya maelezo.

Bastola ilimgeukia Wepukhulu. "Umewaita, wewe!"

"Si mimi! Kituyi, mwambie!"

Lilikuwa neno moja tu: ni mimi. Kituyi akaficha uso kwenye udongo. Risasi ikapasua shingo ya Wepukhulu.

Hapo ndipo Kituyi alipopiga yowe. Alichomoa panga kiunoni akamkata Phineas mkono wa bastola, kisha shingo, kisha akakata tu, mahindi na mtu pamoja.

Buti za polisi zilikuwa zikija. Kituyi alitia mkono kwenye koti lililolowa damu, akautoa ule mchezo, akaukunjua. Akabonyeza kidude hiki, akabonyeza kile. Hakujua kengele inazimwa wapi. Polisi walimkuta akiendelea kubonyeza, akimwambia ndugu yake anyamaze, wataondoka sasa hivi.