Hodi Kutoka Ndani

Hebu niambie, umewahi kusikia mtu akipiga hodi kutoka ndani? Sisemi mlangoni. Nasema ndani ya chumba ulichokifunga mwenyewe, ufunguo ukiwa mkononi mwako.

Mama Panya alisikia. Jina hilo walimpachika wenzake wa maabara kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwapima panya uzito, kuwadunga dawa, na kuwabembeleza kuliko wengine wanavyobembeleza waume zao. Asubuhi hiyo alikuwa anaingiza ufunguo kwenye mlango wa chumba cha panya, mizani kwapani, aliposikia sauti nyembamba, yenye adabu zote:

"Hodi."

"Karibu," akajibu, kama ambavyo hata wewe ungejibu.

Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki kwenye korido, akasimama wima.

"Mwanangu, umemkaribisha nani?"

"Si huyo aliyepiga hodi?"

"Aliyepiga hodi yuko ndani. Aliye nje ni wewe."

Wakatazamana. Mama wa usafi akabeba ndoo yake akaondoka, na siku hiyo korido ilibaki nusu imepigwa deki, nusu haijaguswa.

Dawa waliyokuwa wakiijaribu ilikuwa ya kuondoa woga. Aliyeitengeneza ni Dada, dada yake Mama Panya wa tumbo moja, ambaye maabara nzima ilimwita Profesa, cheo ambacho hakuna chuo kilichompa na ambacho yeye hakuwahi kukikataa. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi: unamwekea panya kitambaa alicholalia paka. Asiyepewa dawa anaganda palepale. Aliyepewa anakifuata, anakinusa, anajilaza juu yake. Dada hupiga makofi. "Huyu sasa simba!"

Asubuhi hiyo simba wote walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wakitazama pembe moja ya dari, midomo ikichezacheza kama watoto wanaoitika majina darasani. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Upande wa pili, wale wasiopewa dawa walikuwa wamerundikana kwenye kona wakijikojolea. Mama Panya alifungua dirisha, akaweka mizani mezani, akaanza kupima.

Mtu yeyote angetoka mbio. Yeye hakushtuka, wala hakujiuliza kwa nini hakushtuka.

Na sababu ya kujiuliza alikuwa nayo. Tangu mumewe afe kwenye ajali, alikuwa hawezi kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Alihamia kwa dada yake, akawa analala taa ikiwaka, mlio wa honi tu ukimtoa machozi. Kisha, taratibu, akapona. Watu walimsifu kwa moyo wake mgumu, naye akajivunia kimyakimya. Kila kitu kingine maishani alipewa na Dada: shule, kazi, chumba cha kulala. Kupona alikupata mwenyewe.

Jumapili mchana walikuwa mezani, wawili tu. Harufu ile ya nywele zilizoungua ilitangulia, ikapita juu ya sahani bila haraka, kisha hodi ikasikika ndani ya kabati la vyombo, kisha ndani ya bomba la maji, kisha chini ya meza, kila mara karibu zaidi na kila mara kwa adabu ileile, mpaka Dada akasukuma kiti na kujibanza ukutani, na hodi ya mwisho ikatoka mahali ambapo hakuthubutu kupatazama, yaani kifuani mwa mdogo wake, ambaye mdomo wake ulikuwa umefumba, akitafuna.

"Umesikia?" Dada akanong'ona.

"Nimesikia. Nisogezee chumvi."

Basi Profesa, ambaye aliwahi kusimama mbele ya wasomi wenzake akasema majini ni matatizo ya usingizi, ndiye aliyempigia simu mama wa usafi kuulizia mganga.

Mganga alikuja jua likianza kushuka. Alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na alimtazama Mama Panya kama anayetaka kumshonea gauni.

"Binti, unaogopa?"

Mama Panya akafikiri. "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Aliposikia jibu lake mwenyewe, akaweka mkono kifuani, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Woga ni komeo la mlango," mganga akasema. "La kwako limeng'olewa. Nani kaling'oa?"

"Kisayansi," Dada akaanza, "hali kama hii—"

"Kisayansi au kishetani, nimeuliza nani."

Hapo mdomo wa Mama Panya ukafunguka, na sauti nyembamba ikasema, "Sikuvunja, jamani. Nilikuta wazi, nikapiga hodi, nikakaribishwa. Mimi nina adabu. Muulizeni huyo."

Mganga hakugeuka. "Aliyefungua atamke ukweli kwa mdomo wake. Jua likizama hajatamka, huyu si mdogo wako tena. Ni nyumba ya huyo uliyemsikia."

"Dada," Mama Panya akasema, kwa sauti yake halisi safari hii, ndogo. "Sijawahi kutumia ile dawa. Mwambie."

Dada akatazama dirishani. Mwanga ulikuwa umefika ukingoni mwa zulia.

"Nilikuonea huruma," akasema. "Ulikuwa hulali, huli, unalia tu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilitaka upumzike, mdogo wangu."

Kifua cha mdogo wake kikacheka. Harufu ikazidi.

"Hiyo siyo," mganga akasema. "Tena."

"Niliogopa kukupoteza—"

"Siyo. Tena!"

Dada akaketi sakafuni, na uprofesa wote ukamtoka.

"Panya walikuwa wameshanionyesha kwamba dawa inafanya kazi," akasema. "Nilihitaji mtu. Mgeni angeuliza maswali, wewe usingeuliza. Zile sindano nilizokuambia ni za kuongeza damu, hazikuwa za damu. Ulipovuka barabara peke yako mara ya kwanza, ukaja mbio kunikumbatia, mimi nilikuwa nakutazama mboni za macho. Sikukuhurumia. Nilikujaribia dawa yangu."

Nje honi ikalia, na kwa mara ya kwanza tangu apone, Mama Panya akashtuka.