Uso wa Arseni Kwenye Bango

Siku tisa baada ya kumzika mumewe, Nonna alisikia harufu ya tumbaku ya Arseni ndani ya chumba cha kuchorea, nyuma ya sinema. Hakuna aliyekuwa akivuta.

Arseni ndiye aliyechora mabango ya filamu, kwenye turubai refu kuliko mlango. Kila wiki aliliosha kwa maji ya moto, akachora upya. Watu walisimama kwenye theluji kulitazama, hata wasio na tiketi. Bango lake la mwisho lilikuwa la mpanda farasi wa mapinduzi, upanga mkononi. Kwa utani, alimpa uso wake mwenyewe.

Nyumbani Nonna alikuwa amefunika vioo vyote kwa shuka, ili roho ya marehemu isipate sura ya kurudi nayo. Bango akalisahau.

"Ndugu Gleb, tulifunike," alimnong'oneza meneja wa sinema, wakiwa mbele ya bango chumbani mwa kuchorea. Liusya, binti wa Nonna wa miaka sita, alikuwa sakafuni akichezea brashi za baba.

"Makubwa! Mwanachama wa chama unaogopa gundi na rangi?" Gleb alicheka, akalipiga bango kofi. "Arseni! Njoo umchukue mkeo!"

Upanga ukashuka. Vidole vinne vya Gleb vikadondoka sakafuni. Alitoka akipiga mayowe, damu ikimfuata hadi barabarani.

"Mama!"

Mkono wa rangi ulikuwa umeushika msuko wa Liusya. Shavu la mtoto lilianza kuzama ndani ya turubai.

"Mwachie, Arseni. Ni mwanao."

"Huku baridi, Nonna," bango likanong'ona. "Nipe huyu mmoja tu."

Nonna akanyakua ndoo ya maji iliyokuwa ikichemka juu ya jiko la pembeni, akaumwagia ule uso aliokuwa ameubusu miaka saba, akausugua kwa brashi ya sakafu huku meno yakimtafuna mkono hadi mfupani, na macho yakachuruzika, na pua ikachuruzika, na mdomo ukaendelea kumwita mpenzi, mpenzi, mpaka nao ukawa matope mekundu miguuni pake.

Mkono haukuachia. Nonna akachukua mkasi, akaukata msuko.

"Kimbia kwa bibi! Usigeuke!"

Mlango ukajibamiza. Liusya alikuwa nje, mzima.

Mkono ukaziacha nywele. Ukapapasa hewani, kama wa kipofu, ukagusa bega la Nonna, kisha shingo. Akaivuta ndoo kwa mguu.

Ilikuja nyepesi, ikilia kama debe tupu.