Sauti ya Ylva

Walikutana kwenye foleni ya samaki, Jumamosi moja ya Novemba, pale sokoni Gothenburg ambapo nusu ya mji huja kununua na nusu nyingine huja kuota joto. Sabela alikuwa amefunga skafu nyekundu hadi puani. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, koti la kazi la bluu, mikono yenye weusi wa mafuta ya mashine, akimwonyesha muuzaji pweza mzima kama mtu anayeonyesha soksi dukani.

"Utampikaje?" Sabela alimuuliza kwa Kiswidi chake cha kuchechemea.

Mwanamume akageuka. "Kwenye kikaango. Dakika tano hivi."

"Basi utamtafuna mpaka Krismasi."

Muuzaji alicheka. Mwanamume hakucheka, alimtazama Sabela kwa makini, kisha akasema, "Kwa hiyo Wahispania siku hizi wanatoa ushauri bure?"

"Mimi si Mhispania. Ni Mgalisia, wa pwani ya kaskazini."

"Kuna tofauti?"

"Mpike huyo kwa dakika tano, halafu uniulize tena."

Siku ileile Sabela alimpikia pweza yule nyumbani kwa mwanamume, katika nyumba ya mbao juu ya kilima. Jina lake lilikuwa Joakim, fundi wa tramu, miaka arobaini na minne. Sabela alikuwa na thelathini na minane, mtengenezaji wa meno ya bandia, aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Mwaka mmoja ulikuwa umekwisha. Uliobaki aliutumia, kama alivyomwambia mama yake kwa simu, "kwa mtu mmoja mkimya mwenye mikono mizuri."

"Ana mke?" mama aliuliza.

"Alikuwa naye. Amefariki."

"Amefariki zamani au amefariki jana?"

Sabela alisema zamani, miaka minne. Lakini hilo halikuwa jibu la kweli, naye alilijua.

Ylva, mke yule, alikuwa bado anapokea simu katika nyumba ile. Mezani, karibu na mlango, palikuwa na simu ya waya yenye mashine ya kupokea ujumbe, na aliyewakaribisha wapigaji alikuwa ni yeye. Sauti ya mwanamke mwenye mafua kidogo na kicheko alichokizuia. Mara ya kwanza Sabela alipoisikia, alikata simu. Baadaye alizoea. Halafu siku moja, akitoka kuoga, alimkuta Joakim amesimama jikoni, simu ya mkononi sikioni, na kule mlangoni simu ya mezani inalia. Alikuwa anajipigia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata, akaendelea kukata vitunguu.

Sabela hakumwambia kuwa ameona. Ila tangu siku hiyo, kila alipokaa kwenye sofa alihisi amekalia nafasi ya mtu aliyekwenda tu chooni.

Mkataba ulipokaribia kuisha, Joakim hakusema neno. Alimbebea masanduku, akarudisha naye funguo za chumba alichopanga, akamkaribisha nyumbani kwake wiki ya mwisho. Sabela alingoja neno moja tu: baki. Alilingoja akila, alilingoja akifua. Halikuja. Akakata tiketi ya ndege kutoka Copenhagen, mji ambao hakuwahi kuukanyaga, akajipa siku moja ya kuutembea ili asifike nyumbani na uso wa kilio.

Asubuhi ya safari Joakim aliingia kazini alfajiri. Walikubaliana akutane naye stesheni saa tatu. Sabela akatoa blauzi yake ya kijani, ile yenye vifungo vya lulu, akachomeka pasi kwenye soketi ya mlangoni. Alipiga pasi kola, akapiga mikono. Akiwa kwenye mgongo wa blauzi ndipo alipotazama chini akaona plagi ya mashine ya simu aliyoichomoa ili apate nafasi.

Alirudisha plagi upesi. Akachukua simu yake ya mkononi, akapiga namba ya nyumba. Simu ya mezani ililia mbele ya macho yake. Ikalia, ikalia, ikalia. Betri ya ndani ya mashine, ya kutunza sauti umeme ukikatika, ilikuwa imekufa tangu miaka mingi, na hakuna aliyejua.

Hakungoja saa tatu. Alipanda treni ya saa moja.

Copenhagen ilimpokea kwa manyunyu na baiskeli. Alitua mzigo kwenye nyumba ya wageni nyuma ya stesheni, akatoka kutembea kama alivyojiahidi. Alipita kando ya maziwa ya mji ambapo watu walikimbia na vikaptula katika baridi ile. Akanunua soseji kwenye kibanda, akala nusu. Mji ulikuwa mzuri, lakini kila mwanamke aliyesema jambo nyuma yake alimfanya ageuke. Dukani msichana alimuuliza kama anataka mfuko, naye akatoka bila kununua. Kwenye kivuko cha barabara mama mmoja alizuia kicheko, na Sabela akasimama mpaka taa zikabadilika mara mbili. Mtu uliyemnyamazisha, aliwaza, huanza kusema kila mahali.

Joakim alimpigia mara sita. Ya saba Sabela akaipokea.

"Nilikungoja stesheni," alisema Joakim. "Nilikuwa na mikate ya iliki. Nimewapa njiwa."

"Nisamehe."

"Halafu nikarudi nyumbani. Nikapiga, ikalia tu. Sabela, umemfuta."

"Sikumfuta. Nilichomoa waya nipate kupiga pasi. Nilisahau, Joakim. Dakika moja tu nilisahau."

"Mwaka mzima unaijua mashine hiyo, leo ndipo usahau? Siku unayoondoka?"

"Unadhani nilikusudia?"

"Kama hukukusudia, ulikimbia nini?"

Sabela alisikia pumzi ya Joakim, kisha laini ikakatika. Usiku ule alilala na nguo.

Asubuhi, ndege ikiwa ya saa nane mchana, simu ililia tena.

"Niko stesheni," alisema Joakim. "Hii ya Copenhagen. Kuna watu wengi mno. Uko upande gani?"

Alimkuta chini ya saa kubwa, ndevu hazijanyolewa, koti lile lile la bluu. Blauzi ya kijani ilikuwa chini ya koti la Sabela, mgongo wake bado na mikunjo. Hawakukumbatiana. Waliingia kwenye duka la mikate, wakakaa dirishani, na kahawa zikapoa.

"Nilikimbia kwa sababu nilifurahi," alisema Sabela.

Joakim akainua macho.

"Simu ilipolia na yeye hakujibu, nilifurahi. Kidogo tu, labda kwa sekunde mbili. Sikukusudia, naapa kwa mama yangu. Lakini nilifurahi, ndipo nikaogopa. Ningekutazamaje?"

Nje, mvua iligeuka theluji nyepesi, kisha ikawa mvua tena.

"Nami nina langu," alisema Joakim. "Usiku nilikaa nijikumbushe anavyosema. Nimemsikiliza kila siku kwa miaka minne, Sabela. Nikaanza: huyu ni Ylva, hatupo. Halafu basi. Sikupata kilichofuata. Nimeshika kichwa mpaka alfajiri, hakuna." Alikunja karatasi ya sukari. "Ndiyo maana nimekuja. Nikafikiri, wewe umeisikia pia."

Sabela aliikumbuka neno kwa neno. Mgeni wa lugha hushika maneno kwa kucha. Angeweza kukataa, maana hakuna mwanamke anayependa kufuatwa safari ya saa tatu na nusu kwa ajili ya mwanamke mwingine. Aliweka kikombe chini.

"Huyu ni Ylva. Hatupo. Au tupo, lakini hakuna anayetaka kuinuka. Sema unachotaka, polepole, maana Joakim hana mwandiko mzuri."

Joakim alifunika macho kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika, na Sabela hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposhusha mkono na kuona ni vyote viwili.

"Sema tena."

"Hapana, mpenzi," alisema Sabela. "Mimi si mashine. Nipe kalamu."

Akayaandika kwenye mfuko wa mikate, polepole, kwa herufi kubwa. Joakim aliukunja mara nne akauweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Treni ya kwenda uwanja wa ndege ndiyo hiyo hiyo iendeleayo hadi Uswidi, kwa hiyo walipanda pamoja. Robo saa tu. Walikaa magoti yakigusana.

"Nikikuomba ubaki?" alisema Joakim.

"Juzi ningebaki. Leo nikibaki utakuwa unanitazama kila simu ikilia."

"Basi nije mimi."

"Uje kufanya nini? Kwetu hakuna tramu."

"Nije kwa mama yako, kukuposa."

Sabela alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania, masikio yalikuwa mekundu. "Atakuuliza mke wako alifariki zamani au jana."

"Nitamwambia jana," alisema Joakim. "Jana asubuhi. Anipe miezi michache."

Treni ilisimama. Sabela alimbusu haraka, mdomoni na kwenye ndevu, akashuka na sanduku lake. "Pasaka," alisema mlangoni. "Kabla ya hapo usije, hata nikikuita." Milango ikajifunga.

Alikuwa kwenye foleni ya ukaguzi, viatu mkononi, simu ilipolia.

"Treni iko juu ya daraja," alisema Joakim. "Bahari pande zote, hakuna kinachoonekana. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nakusikiliza."

Basi Sabela akamweleza: kuna bwana mbele yangu amebeba ua kwenye chungu na hawataki apite nalo, mkewe anamwambia nilikwambia, yeye anasema hukuniambia, sasa anampa askari ua. Aliongea hivyo, soksi zake zikilowana sakafuni, hadi zamu yake ilipofika.