Waliokaa Chini ya Mstari wa Saba

Mchana ule kambi nzima ilikuwa imejilaza kivulini, lakini vinasa mtetemo vilivyochomekwa mchangani viliandika nyayo. Kuna aliyekuwa akitembea chini kwa chini, taratibu, kutoka kinasa kimoja hadi kingine.

"Ngamia huyo," alisema mhandisi Yarba, aliyetumwa kutoka Nuakshoti kupima kama bonde la Taudeni lina mafuta. Ngamia gani, jamani, na wiki nzima hawakuona hata kinyesi chake?

Lemrabott, kiongozi wao wa njia, alijua si ngamia. Kwao, ukifika jangwani penye ukiwa unawasalimu wenyewe wasioonekana na kuomba ruhusa. Yeye, Yarba alipomuuliza kama mstari wa saba wa vinasa una wakazi, aliapa kwa sauti kwamba hapana mtu, na Yarba akaandika hivyo katika ripoti. Angesema wapo, mstari ungehamishwa na kazi angepewa mwingine. Tamaa hiyo! Wakatoboa mashimo, wakalipua baruti siku nne ili vinasa vipime mtetemo wa chini.

Lemrabott aliporudi kwake, hema lilinuka baruti. Mkewe, Mneitou, alikuwa ameukabili mlingoti, haitiki, na chini ya mkeka Lemrabott akasikia nyayo, kwanza za mtu mmoja, kisha za wengi, nzito na nyepesi, zikizunguka, zikikaribia pale alipoketi mkewe, mpaka mkeka wenyewe ukaanza kuinuka na kushuka kama kifua cha mgonjwa.

Shehe Abeidi, aliyeitwa kumtoa pepo, alisoma Kurani hadi koo likamkauka. Ndipo sauti ngeni ikatoka kinywani mwa Mneitou: "Mumewe aliapa hatupo. Aliyeandika afute, tutatoka."

Lemrabott alisafiri siku mbili, akamlilia Yarba abadilishe neno moja tu. Yarba hakucheka.

"Mzee wangu, ripoti imeshakwenda," alinong'ona. "Nikiandika kuna majini, mwehu nitakuwa mimi."

Mafuta yenyewe hawakuyaona. Katika ripoti hiyo walikuwa wameandika kwamba utafiti zaidi unahitajika; wakang'oa kambi.

Lemrabott akarudi mikono mitupu. Shehe alikuwa ameshakimbia. Nje ya hema akakuta tandiko lake na kiriba cha maji, na Mneitou amesimama mlangoni.

"Chukua, uende," ilisema ile sauti. "Hema dogo, na sisi tuna watoto."

"Na mke wangu je?"

"Baruti yenu ilimuua mama yao. Huyu anabaki."

Ndani mtoto akalia. Mneitou akaitika, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "Naam, mwanangu, nakuja," akaingia, akateremsha pazia.