Mawe Ndani ya Hydro

"Nani alitia mawe ndani ya Hydro?"

Félicité alishika beseni lake la mikate, macho kwenye mto.

Wenceslas alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Mbele yake Hydro, boti yake ya mashindano, ilikuwa imelala chini ya maji, imejaa mawe. Afadhali mota alikuwa ameifungua Ijumaa na kuiacha ndani ya hangari.

Boti hiyo waliiacha Wabelgiji. Ilikuwa ya miaka ya hamsini, fupi na pana, ya triplex, mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi. Ikishika kasi inainuka, inabaki kugusa maji kidogo tu. Wenceslas, fundi wa magari kutoka Maniema, aliihangaikia miaka mitatu kila akitoka gereji, kwa ajili ya Jumapili hii ya tarehe 24 Novemba 1974, sikukuu ya serikali, Kisangani nzima ikiwa kando ya mto. Sasa triplex ilikuwa imekunywa maji mpaka ikashiba, na boti nzito haiinuki.

"Félicité, ufunguo ya hangari iko na nani?"

"Iko na miye."

"Donc? Basi?"

"Donc ni miye nilifanya."

Uongo mtupu, na nitakwambia sababu yake. Ijumaa jioni ufunguo aliuomba baba yake, papa Édouard, mvuvi wa Yanonge. Mzee huyo alikuwa amekataa posa ya Wenceslas miaka miwili. "Sitatoa mutoto yangu kwa mutu mwenye anarukaka juu ya maji," alisema, na hakuna aliyembadilisha. Félicité alipoona mawe, aliamini baba yake ameiua Hydro kwa chuki. Wenceslas akijua, angekwenda kumtukana mzee, na hapo ndoa ingezikwa moja kwa moja. Bora amkasirikie yeye.

"Juu ya nini, Félicité?"

"Nilichoka. Kila siku Hydro, Hydro."

"Weye mwenye ulikuwa unanishikiaka taa?"

Félicité akajitwika beseni.

"Bon. Enda. Sitaki kukuona leo. Hata kesho."

Alikwenda, na alilia njia nzima bila kujificha.

Hilaire, rafiki wa Wenceslas na mpinzani wake wa siku hiyo, aliyesikia yote akiwa ukingoni, aliingia majini kumsaidia kutoa mawe. Walikuwa wametoa nusu papa Édouard alipotokea na shati lake la kanisani, anacheka peke yake.

"Munaitoa sasa? Haina neno. Siku mbili inatosha."

Wenceslas akanyooka, jiwe mkononi.

"Siku mbili ya nini, papa?"

"Ya kunywa maji. Niliikuta ndani ya hangari imekauka, masikini. Mbao ikikauka inapasuka. Mutumbwi yangu iko na miaka kumi na tano, juu kila mwezi minaizamishaka na mawe. Hii tuliibeba watu ine. Ya mutu mwingine siigusaka. Lakini niliona kazi ya mikono yako ndani ya hangari; ya bokilo yangu, niiache ipasuke chini yake?"

Bokilo. Mkwe. Miaka miwili mzee alimwita "ule wa Maniema", na leo ametamka bokilo kama mtu anayeomba chumvi.

Hilaire alifungua mdomo amweleze mzee habari za triplex. Wenceslas akamkanyaga mguu chini ya maji.

"Aksanti sana, papa."

"Alhamisi ukuje na wazee yako, tuongee. Na Félicité iko wapi?"

Hapo Wenceslas alitamani jiwe lile limwangukie kichwani. Papa Édouard alipopanda ukingo kutafuta mahali pa kukaa, Wenceslas akachana karatasi kwenye daftari la gereji na kuandika:

"Félicité, nimejua yote. Nilikuwa mujinga. Papa amenikubali. Kama umenisamehe, simama karibu yake nikipita. Kama hapana, nitaelewa. W."

"Peleka mbio," alimwambia Hilaire.

"Miye niko pilote, siko posta," alinung'unika Hilaire, lakini alikwenda.

Saa nne, mota ikiwa imerudishwa mahali pake, firimbi ikalia. Boti tatu. Mbili ziliinuka na kupotea, povu nyuma. Ya tatu, Hydro, ilinguruma kwa nguvu zote na kubaki imekaa majini kama bibi anayefua. Ukingo mzima ulicheka. Mtu mmoja tu ndiye aliyefurahi kwa dhati.

"Muone vile inakaa sasa," papa Édouard aliwaambia majirani. "Sasa ni mutumbwi."

Kwa kasi yake ya kawaida Wenceslas asingeona uso wa mtu. Kwa mwendo huu aliona nyuso zote, moja moja. Akamwona papa Édouard. Na kando yake, mikono kiunoni, Félicité.

Akazima mota. Hydro ikateleza mpaka ukingoni.

"Ulisoma?"

"Nilisoma. Ulinifukuza mbele ya Hilaire."

"Nitakuomba pardon mbele ya Commissaire, mukubwa wa mukoa. Ule pale, ananiangalia."

"Hapana kunichekesha. Juu ya nini uliamini mbio vile?"

"Sijui. Niliumia. Pardon, Félicité. Na weye, juu ya nini hukusema kweli?"

"Ungeenda kumutukana papa."

"Ningeenda," Wenceslas alikubali.

Hapo Félicité alicheka, na Wenceslas akajua amesamehewa.

"Panda."

"Katikati ya course ya boti? Itakuwa muzito."

"Imekuwa muzito tayari. Panda."

Félicité alimtazama baba yake. Mzee akamshika mkono na kumshusha mwenyewe ndani ya boti, taratibu, mbele ya watu wote.

"Umushike muzuri, bokilo."

"Ndiyo, papa."

Walivuka mstari wa mwisho wenzao wakiwa wameshamaliza chupa ya kwanza ya bia. Wachezaji wa animation, wale wa kuimbia serikali, waligeuza wimbo wakawapigia wao makofi, na Hilaire, mshindi, hakuna aliyemkumbuka.

"Utamwambia papa habari ya triplex lini?" Félicité alinong'ona.

"Hapana leo. Hapana Alhamisi. Pengine tukikuwa na wajukuu."

Papa Édouard alikuja mbio kando ya maji, akaishika Hydro pua na kuivuta ukingoni. Aliwatazama wale marubani wawili waliofika zamani, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Lakini wale wengine, walikuwa wanakimbia nini?"

Wenceslas alimtazama Félicité aliyekuwa bado amemshika.

"Sijui, papa," alisema.